Nodi imekataa kuamka: kutafuta chanzo katika klasta ya Cassandra

Simu ikilia saa nane usiku, mara nyingi ni kijana wa zamu. "Kaka, samahani kukuamsha. Nodi ya Gulu imekataa kuamka." Swali langu la kwanza halibadiliki: "Umefuta chochote?" Akijibu kwamba hajagusa kitu, najua tutalala tena kabla ya mapambazuko. Akinyamaza kidogo, natafuta viatu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya vijana hao, wanaotunza hifadhidata za SACCO, shule na maduka ya jumla hapa Uganda, mara nyingi kwenye seva tatu zilizo chumba kimoja chenye inveta moja. Nazungumzia Cassandra, hifadhidata inayogawa data kwenye seva kadhaa (kila seva ni nodi, na zote pamoja ni klasta), kuanzia toleo la 4.0 hadi 5.0 kwenye Ubuntu. Katika mifano, seva zetu ni 10.20.0.11, 10.20.0.12 na 10.20.0.13.

Kabla ya dalili yoyote, fanya mambo mawili. Kwanza, soma logi iliyopo `/var/log/cassandra/system.log`, na uisome kutoka pale nodi ilipoanza kuwaka mara ya mwisho, ukishuka chini. Kosa la kwanza ndilo lenye habari. Makosa arobaini yanayofuata ni vilio vya sehemu nyingine zilizoangushwa na lile la kwanza, ila vijana wengi hunakili mstari wa mwisho kabisa wakaanza kuutafutia dawa. Pili, usifute kitu chochote ndani ya `/var/lib/cassandra`. Faili likikusumbua, lihamishie pembeni. Ukilihamisha unaweza kulirudisha.

Dalili: huduma inawashwa, inakaa sekunde chache, inakufa

Usiamini sana `systemctl status cassandra`. Inaweza kukuandikia `active (exited)` kwa rangi ya kijani ilhali programu imekufa zamani. Uliza mashine yenyewe: `ps aux | grep cassandra`, kisha `sudo ss -ltnp`. Nodi iliyo hai kweli inasikiliza poti 7000 kwa mazungumzo ya nodi kwa nodi, 7199 kwa nodetool (amri ya kuisimamia nodi), na 9042 kwa programu za wateja.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni mkono wa mtu ndani ya `cassandra.yaml`, faili la mipangilio. Faili hilo halina msamaha: nukta pacha isiyofuatiwa na nafasi, tabu badala ya nafasi, au alama ya # iliyoondolewa pamoja na nafasi moja isiyohitajika mbele ya mstari, vyote vinatosha kuizuia nodi. Linganisha na nakala ya zamani kwa `diff`. Kama hukuweka nakala ya zamani, chukua faili la nodi jirani inayofanya kazi, maana mistari inayotofautiana kihalali ni michache: anwani za nodi husika, na pengine njia za folda.

Cha pili ni umiliki wa faili. Mtu aliwasha Cassandra kama root "kujaribu tu", ikaacha faili ambazo mtumiaji cassandra hawezi kuziandika. Angalia kwa `ls -l /var/lib/cassandra/data`. Ukiona root, zima huduma, kisha:

`sudo chown -R cassandra:cassandra /var/lib/cassandra /var/log/cassandra`

Cha tatu ni diski iliyojaa. `df -h` itakuambia kwa sekunde moja. Nafasi ikiwa imeisha, angalia kwanza folda za `snapshots` ndani ya kila jedwali. Cassandra hujiwekea picha ya data kila unapofuta jedwali zima, na picha hizo hukaa miaka bila mtu kuzikumbuka. Nodi ikiwa hai, zinaondolewa kwa `nodetool clearsnapshot --all`. Ikiwa haiwaki kabisa, hamishia kwenye diski nyingine faili za logi za zamani zilizobanwa, upate pumzi ya kuiwasha.

Halafu kuna Java, ambayo Cassandra huendeshwa juu yake. Toleo la 4.0 na 4.1 yanatumia Java 8 au 11, la 5.0 linatumia 11 au 17. Mtu akisasisha seva nzima kwa amri moja, Java inaweza kubadilika chini ya miguu ya Cassandra. `java -version` inamaliza mjadala.

Dalili moja ya kundi hili inataka jicho kali: logi inakatika katikati, haina kosa, haina kuaga. Hapo Cassandra haikujifia. Imeuawa na mfumo kwa sababu RAM imekwisha. Thibitisha:

`sudo dmesg -T | grep -i killed`

Ukiona jina la java pale, tatizo ni mashine kubebeshwa mzigo usiouweza, kwa kawaida programu ya ofisi na hifadhidata vikigombania GB 8. Hamisha programu hiyo, au punguza `MAX_HEAP_SIZE` kwenye `cassandra-env.sh` ukibadilisha pamoja na `HEAP_NEWSIZE`. Kuiwasha tena na tena bila kubadilisha kitu kunaongeza majeraha tu.

Dalili: umeme ulikatika, na sasa nodi inalalamikia komitilogi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo simu ninayopigiwa zaidi msimu wa mvua. Wakati mwingine hata si mvua, ni yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zilizoisha Jumapili wakati hakuna mtu ofisini, na inveta ikabeba chumba mpaka betri zikakauka.

Kila andiko linaloingia Cassandra huandikwa kwanza kwenye komitilogi, kisha hukaa kwenye RAM hadi lipangwe vizuri kwenye diski. Kwa mipangilio ya kawaida, komitilogi yenyewe husukumwa hadi kwenye diski kila sekunde 10. Umeme ukikatika ghafla, kipande cha mwisho kinaweza kubaki nusu, au faili la mwisho likabaki tupu. Nodi ikiwaka, inasoma komitilogi kurejesha maandishi yale, inafika kwenye faili bovu, inakataa kuendelea. Kwenye logi utaona hivi:

`Could not read commit log descriptor in file /var/lib/cassandra/commitlog/CommitLog-7-...`

Jina kamili la faili limo humo humo. Nenda uliangalie: `ls -l /var/lib/cassandra/commitlog`. Mara nyingi utakuta ukubwa wake ni 0, au ni lile la mwisho kwa tarehe.

Sasa jiulize kabla ya kugusa: je, nodi nyingine zilibaki zimewaka wakati hii inazimika? Nenda kwenye mojawapo uandike `nodetool status`. Ukiona herufi UN (nodi hai) mbele ya hizo mbili na DN (nodi imelala) mbele ya hii moja, na kila data ina nakala tatu, na programu zako zinaandika kwa QUORUM (zaidi ya nusu ya nakala zikubali), una nafasi nzuri. Kilichopotea kwenye faili lile bovu kipo kwa majirani. Hamisha faili moja lililotajwa, si folda nzima:

`sudo mkdir /root/komitilogi-bovu`
`sudo mv /var/lib/cassandra/commitlog/CommitLog-7-....log /root/komitilogi-bovu/`

Washa nodi. Ikishaandika kwamba imeanza kusikiliza wateja, endesha `nodetool repair` ili ichukue kwa majirani ilichokosa. Usiruke hatua hiyo. Bila repair nodi itaonekana nzima huku ikijibu maswali kwa data yenye matundu.

Lakini ikiwa nodi zote tatu zilizimika kwa pamoja, SIMAMA. Maandishi ya sekunde za mwisho huenda yapo ndani ya komitilogi hizo tu, hayapo mahali pengine popote. Ndiyo maana nakala tatu kwenye inveta moja hazikulindi na umeme kama watu wanavyodhani. Nakili folda ya commitlog ya kila nodi kwenye diski ya nje, jaribu kuwasha nodi zile ambazo komitilogi zao ni nzima, na kwa iliyo bovu mwite mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo. Ipo swichi ya `-Dcassandra.commitlog.ignorereplayerrors=true` inayoiambia nodi iyapuuze makosa. Nimeiona ikitumiwa usiku kwa haraka, na asubuhi malipo ya wanachama yakatafutwa kwenye daftari la karatasi.

Logi ikitaja `CorruptSSTableException`, mambo ni mazito zaidi. Data yenyewe kwenye diski imeharibika, na pengine diski inakufa. Soma `sudo smartctl -a /dev/sda` kabla ya dawa nyingine yoyote. Diski ikiwa inaugua, kila jaribio la kukarabati linaimaliza.

Dalili: nodi imewaka lakini iko peke yake

Ukiandika `nodetool status` kwenye kila seva na kila moja inajiona yenyewe tu, au nodi mpya inakufa ikisema haikuweza kuzungumza na mbegu yoyote (nodi zinazopigiwa hodi kwanza wakati wa kujiunga), fuata njia hii.

Anza na anwani. `listen_address` ikiachwa `localhost`, nodi inajisikiliza yenyewe tu. Weka IP halisi ya seva. Usiweke 0.0.0.0 hapo, Cassandra itakataa. Na kama logi inasema imeshindwa kushika anwani, andika `ip a`: huenda ruta ilizimika na umeme, ikawaka, ikagawa IP mpya kwa seva. Seva ya hifadhidata inatakiwa kuwa na IP isiyobadilika. Kazi hiyo ni ya dakika kumi, ifanye mchana.

Kisha mbegu. Orodha ya `seeds` iwe ileile kwenye nodi zote, na iwe na nodi mbili hivi zilizo imara. Kosa ninaloliona ni nodi mpya kujiandika yenyewe kama mbegu. Nodi ya mbegu haichukui data inapojiunga. Itaingia, itaonyesha UN, na itakuwa tupu. Wateja watauliza salio, wengine watajibiwa na nodi yenye data, wengine watajibiwa na ile tupu. Ikikutokea, usiongeze nodi nyingine juu yake. Itoe kwenye orodha ya mbegu, kisha kwenye nodi hiyo hiyo endesha `nodetool rebuild` au `nodetool repair --full` kulingana na ukubwa wa data.

Halafu faiawoli. Kutoka 10.20.0.12 jaribu:

`nc -vz 10.20.0.11 7000`

Ikijibu kwamba imekataliwa, njia ipo ila hakuna anayesikiliza: rudi kwenye anwani. Ikining'inia bila jibu, kuna faiawoli katikati inayomeza pakiti. Fungua kwa mtandao wa ndani pekee: `sudo ufw allow from 10.20.0.0/24 to any port 7000 proto tcp`. Tafadhali, kamwe usizifungue poti 7000, 7199 wala 9042 kwa intaneti nzima. Anayefika 7199 bila nywila anaweza kuizima klasta yako akiwa popote duniani.

Jina la klasta nalo linachunguzwa. Likitofautiana kwa herufi moja, nodi hazisalimiani. Na ukibadilisha jina kwenye faili baada ya nodi kuwahi kuwaka, itagoma ikisema jina lililohifadhiwa, mara nyingi `Test Cluster`, si lile ulilolisanidi. Nodi ikiwa na data, rudisha jina la zamani. Jina zuri halistahili hatari hiyo.

Sasa saa. Betri ndogo ya kwenye bodi ya seva ikichoka, umeme ukikatika seva huamka ikidhani ni mwaka mwingine wa zamani. Nodi hiyo inawaona majirani kama watu kutoka mbele mno, inaandika `received an invalid gossip generation`, inawapuuza. `timedatectl` itakuonyesha. Weka chrony, programu inayosawazisha saa kupitia mtandao, na ubadilishe betri.

Kuna jambo la karibu na hilo, gumu kugundua. Kijana anaona saa ya seva inasema saa kumi na mbili ilhali ukutani ni saa tatu, anaisogeza kwa mkono ifanane na Kampala, bila kuona kwamba seva imewekwa UTC, saa ya kimataifa. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo sasa seva inaishi saa tatu zijazo. Cassandra huamua andiko la mwisho kwa muhuri wa muda. Kila kilichoandikwa kwa saa ile kitashinda marekebisho yote yatakayofuata mpaka saa tatu zipite. Mhasibu anarekebisha kiasi, anabonyeza hifadhi, kiasi cha zamani kinarudi. Ukisikia malalamiko ya namna hiyo, kabla ya kumlaumu mhasibu linganisha `date -u` kwenye seva zote, pamoja na mashine zinazoendesha programu.

Nodi zikiwa miji tofauti, tuseme Kampala na Mbarara, kupitia intaneti ya simu, zipitishe kwenye VPN. Kwa laini nyingi za simu, seva iliyo nyuma ya modemu haiwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Zikisalimiana vizuri lakini kuhamisha data kunakwama, shuku ukubwa wa pakiti: `ping -M do -s 1392 10.20.0.11`. Ikishindwa huku ping ya kawaida inapita, punguza MTU ya VPN, yaani ukubwa wa juu wa pakiti. Na mtandao ukiwa unayumba, `phi_convict_threshold` ya 10 hadi 12 badala ya 8 itapunguza nodi kutangazwa zimekufa kila mvua ikinyesha.

Dalili: "A node with address … already exists"

Umesakinisha upya seva ileile kwa IP ileile. Klasta inaikumbuka ya zamani. Iwashe mara moja ikiwa na `-Dcassandra.replace_address_first_boot=10.20.0.13`, nayo itachukua nafasi na data ya marehemu. Ikilalamika kwamba jina la datasenta linatofautiana na la awali, mtu amegusa `cassandra-rackdc.properties` au snichi, mpangilio unaoiambia nodi iko datasenta gani. Rudisha kama ilivyokuwa.

Dalili: klasta nzima, programu haiunganishi

Nodi zote ni UN, lakini programu inalia. Jaribu ukiwa kwenye mashine ya programu, si kwenye seva, kwa cqlsh, amri ya kuzungumza na Cassandra kama mteja: `cqlsh 10.20.0.11`.

Ikikataliwa, `rpc_address` huenda ni `localhost`. Weka IP ya seva. Baada ya hapo `cqlsh` tupu kwenye seva yenyewe itaacha kufanya kazi, kwa kuwa inajaribu 127.0.0.1. Hiyo si hitilafu, iandikie IP. Au pengine ni haraka yako tu: nodi hufungua 9042 mwisho kabisa. Subiri mstari wa `Starting listening for CQL clients`.

Poti 9042 ikiwa imefungwa huku nodetool inajibu, angalia `nodetool info`. Ikisema gosipi (mazungumzo ya nodi kwa nodi) na milango ya wateja vimezimwa, Cassandra imejifungia baada ya kuona diski ina makosa. Usiifungue kwa nguvu. Rudi kwenye `dmesg`.

Ikiunganisha kwa cqlsh lakini programu inadai hakuna nodi hata moja, kuna mambo mawili. Dereva, kipande cha programu kinachozungumza na Cassandra, huunganisha kwa anwani uliyoipa, kisha huuliza klasta anwani za wengine, na hujaribu hizo. Zikiwa anwani za ndani ambazo mashine ya programu haizifikii, inabaki na moja au inakosa zote. Rekebisha `broadcast_rpc_address`. La pili ni jina la datasenta ndani ya programu: `Kampala` na `kampala` kwake ni miji miwili.

Nywila ni sahihi lakini inakataliwa? Habari za watumiaji hukaa kwenye `system_auth`, ambayo mwanzoni ina nakala moja tu. Nodi iliyoibeba ikilala, hakuna anayeingia. Iamshe nodi hiyo kwanza, kisha siku hiyohiyo ongeza nakala:

`ALTER KEYSPACE system_auth WITH replication = {'class':'NetworkTopologyStrategy','kampala':3};`

na `nodetool repair --full system_auth` kwenye kila nodi.

Kosa la `Cannot achieve consistency level QUORUM` si la muunganisho. Kwa nakala 3 unahitaji nodi 2 hai. Kwa nakala 2 unahitaji zote 2, yaani nodi moja ikilala kazi inasimama. Aliyechagua nakala 2 akidhani amejikinga amedanganyika, na ni wengi.

Na kama cqlsh yenyewe haifunguki kwenye Ubuntu 24.04, chanzo kinaweza kuwa Python 3.12, iliyoondoa kipande ambacho cqlsh za zamani zinakitegemea. Tumia Python ya 3.11. Nodetool ikisema `Malformed IPv6 address`, ni Cassandra ya zamani kwenye Java 8 mpya: ongeza `-Dcom.sun.jndi.rmiURLParsing=legacy` baada ya neno nodetool.

Nodi iliyokaa nje zaidi ya siku 10: usiiwashe

Nodi ikilala, majirani huiwekea ujumbe kwa saa 3 tu. Zaidi ya hapo ni kazi ya repair. Lakini kuna mpaka mwingine: alama za vitu vilivyofutwa huhifadhiwa sekunde 864000, siku 10, kisha husafishwa. Nodi iliyokosa habari za kufutwa ikirudi baada ya hapo, inavyo vile vitu, na majirani hawana tena ushahidi kwamba vilifutwa. Inavigawa upya.

Niliyaona haya kwa SACCO moja. Seva ililetwa Kampala kwa basi kutoka Arua kubadilishwa pawa saplai, ikarudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa, ikachomekwa. Jioni mama wa dirishani aliniita akinionyesha kwenye skrini mkopo wa mwanachama uliofutwa kwa kuwa uliandikwa mara mbili. Ulikuwa umerudi, na wenzake. Tulilinganisha mikopo na risiti moja moja kwa siku nne.

Nodi ya namna hiyo ichomoe kebo ya mtandao kabla ya kuiwasha, tunza data yake pembeni, kisha irudishe ikiwa tupu kwa njia ya `replace_address_first_boot`.

Unapomwita mtaalamu

Mwite ukiona diski inaugua, ukiona nodi mbili au zaidi zimekataa kwa pamoja, au ukiona unakaribia kuandika `rm` ndani ya folda ya data. Mwandalie `system.log` na `debug.log` za nodi zote, `nodetool status` kutoka kila nodi, `cassandra.yaml` ikiwa nywila zimefichwa, na saa kamili ya tukio pamoja na kila amri uliyoandika tangu hapo, hata ile unayoionea aibu. Data ya wanachama usimtumie kwa WhatsApp wala barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inakubana wewe uliyeitunza, hata ikivuka mpaka. Aje, au umfungulie njia kwa VPN, na uifunge tena akimaliza.